Sahihi ya Katibu Anayeondoka

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe 29 Mei 2019, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Detlef Brunkhorst akiwa anasukuma gogo la msonobari kwenye msumeno. Simu ilitetemeka mfukoni mwake mara tatu. Hakuigusa. Pale kiwandani simu hairuhusiwi karibu na msumeno, na mtu aliyekuwa refa kwa miaka ishirini na saba hawezi kuwa wa kwanza kuvunja sheria. Alingoja mapumziko ya chai, akatoka nje penye marundo ya mbao, akampigia Ulf Tebbe, mwenyekiti wa klabu.

"Detlef, umekaa?"

"Nimesimama. Sema."

"Tumeshuka daraja."

Detlef akacheka. "Ulf, umeanza kunywa mapema. Sikukuu ya Kupaa ni kesho."

"Sijanywa. Tumeshuka. Barua ya chama imefika asubuhi hii. Tumekatwa pointi tatu."

Jumapili, siku tatu tu nyuma, Wiedenrode nzima ilikuwa imesimama kandokando ya uwanja ikiimba. Timu ilikuwa imesawazisha dakika ya themanini na nane na kubaki kwenye ligi kwa tofauti ya pointi moja. Daraja la nane, huko ambako televisheni haifiki na nyasi hukatwa na wenyewe. Soseji ziliisha, saladi ya viazi ikaisha, na Detlef, ambaye ndiye mtunza uwanja pia, aliwaacha watoto wachezee chokaa yake ya mistari bila kuwafokea.

"Pointi tatu kwa kosa gani?"

"La marefa. Eti tunao wawili. Tulitakiwa kuwa na watatu, na huu ni mwaka wa tatu tunapungukiwa."

"Tunao watatu. Yule mwokaji mikate, binti yake, na mimi."

"Wewe hukuhesabiwa, Detlef."

Detlef aliishusha simu, akaitazama kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha moto. Nyuma yake, Ferhat Özdal alikuwa anashusha mbao kwa gari la kunyanyulia. Ndiye aliyefunga lile bao la kusawazisha, kwa paji la uso, na nyuzi tano za daktari bado zilionekana juu ya nyusi yake.

"Mzee, vipi? Umekuwa mweupe kama karatasi."

"Tumeshuka."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye ligi."

Ferhat alizima injini. Aligusa nyuzi zake polepole, kama anayehakikisha bado zipo. "Mbona nilifunga?" alisema.

Sheria yenyewe watu wa Wiedenrode wanaijua vizuri, ila huwa hawaizungumzi, kama watu wasivyozungumzia meno yao mabovu. Kila klabu lazima ikitolee chama cha mpira cha wilaya marefa kulingana na idadi ya timu zake. Na refa hahesabiwi mpaka awe amechezesha mechi kumi na tano katika msimu. Klabu ikipungukiwa mwaka wa kwanza, inaonywa. Wa pili, faini. Wa tatu, pointi. Wakubwa waliiandika sheria hiyo kwa sababu marefa wanaisha, na marefa wanaisha kwa sababu kila Jumapili wanatukanwa na wazazi wa watoto wa miaka tisa. Lakini hilo la pili hawakuliandikia sheria.

Wala si pointi peke yake. Kila mtu alijua wachezaji sita wangehama timu ikishuka. Wasipofika kumi na mmoja, Wiedenrode ingeunganishwa na Lüttensen, ng'ambo ya mto, watu ambao walikuwa wanawarushia mayai tangu enzi za babu zao. Na manispaa, ambayo miaka miwili sasa ilikuwa inautazama ule uwanja kwa jicho la kujenga nyumba, isingekosa tena sababu. Kwenye uwanja huo Detlef alikutana na mkewe, Roswitha, mwaka 1979, kwenye dirisha la soseji. Roswitha ndiye aliyekuwa anauza.

Alimwomba msimamizi ruhusa. Msimamizi akamwambia nusu siku ya likizo itakatwa. "Kata," alisema Detlef, akavua glavu.

Nyumbani aliiondoa kalenda ya duka la nyama kwenye msumari wa jikoni. Ile ya mwaka jana ilikuwa bado inaning'inia nyuma yake, akaichukua nayo. Tangu Agosti hadi mwanzo wa Novemba, mechi zake zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya kijani, herufi ndogo zilizonyooka: saa, mahali, timu gani na timu gani. Mwandiko wa Roswitha. Tarehe 8 Novemba hakukuwa na kitu. Kuanzia hapo ni penseli, herufi kubwa zilizolala, za mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na tano akaingia msituni kukata miti.

Alihesabu akiwa amesimama. Kumi na tano. Akahesabu tena kwa kidole, kutoka mwisho kuja mwanzo. Kumi na tano.

Akakunja kalenda zote mbili, akaziingiza ndani ya koti, akaendesha gari hadi mjini.

Mkuu wa marefa wa wilaya anaitwa Heiko Kessemeier. Kazi ya chama ni ya kujitolea. Mchana hukaa dirisha la tatu pale ofisi za wilaya, anakotoa namba za magari. Ukitaka kumwona lazima uchukue tiketi kwenye mashine. Detlef alipata namba 64. Ubao ulionyesha 41. Alikaa kati ya kijana mwenye helmeti ya pikipiki mapajani na bibi aliyekuwa anauza gari la marehemu mumewe. Bibi yule alimwuliza kama na yeye anauza.

"Hapana, mama. Mimi nimekuja kuhesabiwa."

Bibi akasogea kidogo.

Saa tano na nusu namba yake iliwaka.

"Leseni au namba mpya?" aliuliza Kessemeier bila kuinua macho. Kisha akainua. "Aa, Detlef. Hapa niko kazini, unajua."

"Na mimi nilikuwa kazini." Detlef alizitandaza kalenda mbele ya kioo. "Hesabu."

Kessemeier hakuhesabu. Aliangalia foleni nyuma ya Detlef, akashusha sauti. "Tunazo kumi na tatu."

"Hapa zipo kumi na tano."

"Kwenye mfumo zipo kumi na tatu. Nimeangalia mwenyewe jana, kwa sababu ni wewe." Aliweka kidole kwenye tarehe 18 Novemba, akakirudisha haraka. "Hii hukupangiwa wewe. Alipangiwa Schlüter, hakutokea. Na hii ya mwisho wa Machi, vilevile."

"Najua sikupangiwa. Ulinipigia simu."

"Sikatai."

"Nilikuwa nimemzika mke wangu Jumatano. Jumapili ile, saa saba, ulinipigia. Ukasema, Detlef, vijana ishirini na wawili wamevaa tayari, mvua inanyesha, refa hayupo, tusaidie. Nikaenda na viatu vya mazishi, kwa sababu vile vingine sikujua Roswitha aliviweka wapi."

"Na nilikushukuru. Mbele ya watu nilikushukuru."

"Basi andika."

"Ile ilikuwa msaada wa dharura, Detlef. Klabu mwenyeji imejaza kwamba refa aliyepangwa hakufika. Wewe ulitakiwa uingie kwenye kompyuta kwa neno lako la siri, uthibitishe kwamba umechukua nafasi yake. Hukuingia."

"Nilikuletea ripoti ya karatasi. Nilikupa mkononi. Ukaikunja ukaitia mfukoni."

Kessemeier alivua miwani, akaisugua kwa ncha ya fulana yake ya sufu. "Karatasi haihesabiwi tangu mwaka 2012."

Mambo ya kompyuta yalikuwa ya Roswitha. Kila Jumapili jioni, Detlef akiwa bado anavua soksi, yeye huuliza: nani amefunga, dakika ya ngapi, nani kadi ya njano, anabonyeza, imekwisha. Detlef hakuwahi kulijua lile neno la siri. Alipofariki, alifanya kama walivyofanya zamani, akaandika kwa kalamu, akaamini kwamba karatasi iliyopokelewa na mkono wa mkubwa imepokelewa. Mechi zile kumi na tatu zilithibitishwa na nani, hata hilo hakuwahi kujiuliza. Zile za kabla ya Novemba ni Roswitha. Zilizobaki, binti wa mwokaji alimwonea huruma akamsaidia, lakini siku hizo mbili naye alikuwa ana mechi zake.

"Haya," alisema Detlef. "Nimekosea. Mngeniambia. Ningerekebisha."

"Tuliwaambia." Sasa Kessemeier alipata nguvu, alikuwa amefika kwenye sehemu ambayo ana karatasi. "Tarehe 15 Aprili tulituma orodha. Klabu yenu ilikuwa na siku kumi na nne za kupinga. Hakuna aliyepinga. Baada ya hapo hata mimi siwezi kubadilisha kitu."

"Mlimtumia nani?"

"Klabu."

"Klabu ni nyasi na magoli, Heiko. Mlimtumia mtu gani?"

Kessemeier aligeukia skrini yake, akabonyeza hapa na pale. Akasoma. Mkono wake ukabaki juu ya kipanya bila kusogea, na wekundu ukampanda kutoka kwenye kola hadi masikioni.

"Geuza huku nione," alisema Detlef.

"Mfumo unachukua majina wenyewe. Si mtu anayeandika."

"Geuza."

Aligeuza. Detlef alisogeza uso kwenye kioo. Juu kabisa palikuwa na alama ya chama, chini yake: *Kwa Katibu wa Klabu, Bi Roswitha Brunkhorst. Ndugu mwanamichezo...* Na pembeni, kwa herufi nyembamba za kijivu: *haijasomwa.*

Tarehe 15 Aprili Roswitha alikuwa na miezi mitano ardhini.

"Ulileta shada," alisema Detlef. Sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayejaribu kuelewa. "Ulilibeba mwenyewe. Utepe umeandikwa jina la chama. Ulisimama mstari wa pili, nyuma ya dada yangu. Ulilia, nilikuona."

"Detlef, ni wajibu wa klabu kutujulisha mabadiliko ya uongozi. Mwulize Ulf. Mimi nasikitika kabisa." Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuita namba 65, lakini hakukibonyeza. Akakohoa. "Na... naona hata aibu kusema. Jioni hii, ile mechi ya mchujo, Haverbruch na Lüttensen, inachezwa uwanjani kwenu. Refa wetu ameteguka kifundo jana. Nimepiga simu watu tisa. Kesho sikukuu, wote wamekwenda. Wewe uko pale pale."

Detlef alimtazama. Alidhani amesikia vibaya, na akangoja Kessemeier acheke. Hakucheka.

"Itahesabiwa?"

"Hii nitakupangia rasmi. Sasa hivi. Kwenye kompyuta." Akaanza kuandika kwa vidole viwili, haraka, akifurahi kuwa na kazi ya kufanya. "Haitasaidia msimu huu, lakini kwa msimu ujao ni mwanzo mzuri."

Detlef alizikunja kalenda. Kule nje alikaa ndani ya gari dakika nyingi kabla ya kukumbuka kuwasha injini.

Alimkuta Ulf Tebbe kwenye jumba la klabu, anapanga kreti za bia kwa ajili ya jioni. Ulf anarekebisha mabomba ya maji na ni mtu mkubwa wa mwili, lakini alipomwona Detlef mlangoni alijikunyata kama mtoto aliyevunja sahani.

"Jina lake bado liko kule," alisema Detlef. "Miezi sita, Ulf."

Ulf alikwenda kwenye kabati la vikombe, akafungua droo ya chini, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na fomu ya chama, kurasa mbili, imejazwa kwa mwandiko wa Ulf. Kubadilisha katibu. Tarehe 9 Januari. Juu yake muhuri mwekundu: *Imerudishwa. Haijakamilika.*

"Niliituma Januari. Wakairudisha. Tazama kule chini."

Detlef alitazama. Chini palikuwa na mistari mitatu. Sahihi ya mwenyekiti: ipo. Sahihi ya katibu mpya: ipo. Sahihi ya katibu anayeondoka. Hapo palikuwa patupu, na mtu fulani ofisini alikuwa ameweka alama ya msalaba kwa kalamu, kuonyesha mahali pa kusaini.

"Uliwaambia amefariki?"

"Nilipiga simu. Mwanamke akaniambia hakuna kisanduku cha hiyo. Akasema mume wake anaweza kusaini kwa niaba, lakini alete barua." Ulf alikuwa anaongea na kreti za bia. "Nilikuja mpaka mlangoni kwako na hii fomu, mara mbili. Mara ya pili nilikuona dirishani unakunja nguo zake. Nikashindwa, Detlef. Nikasema nitakuja wiki ijayo. Kisha nikaitia humo ndani."

"Ungebisha."

"Najua."

"Ningesaini."

"Najua."

Detlef aliketi kwenye kreti. Wakakaa hivyo wanaume wawili, harufu ya bia ya jana ikiwa imetanda, na kuta zote zimejaa picha za timu ambazo Roswitha ndiye aliyezitundika. Simu ya Ulf ililia kidogo mezani. Aliitazama, akaigeuza kifudifudi.

"Nini?"

"Hakuna kitu."

"Ulf."

Ulf akampa. Ilikuwa barua ya chama, imefika dakika ile. *Tunathibitisha kwamba mwanamichezo Detlef Brunkhorst amepangwa kuwa mwamuzi wa mechi ya mchujo leo saa kumi na mbili na nusu jioni. Nakala: Katibu wa Klabu, Bi Roswitha Brunkhorst. Tafadhali mjulishe. Kwa salamu za kimichezo, H. Kessemeier.*

Hayajapita hata masaa sita tangu Kessemeier alione lile jina kwa macho yake mwenyewe.

Detlef aliirudisha simu. Akaomba ile fomu, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa kifuani, pale refa anapoweka kadi.

Saa kumi na mbili na robo walikuwapo watu mia nne. Haverbruch walikuja na ngoma, Lüttensen na moshi wa rangi ambao umekatazwa. Soseji zilikuwa zinachomwa, na kwenye dirisha lake alisimama dada wa mwokaji, ambaye huzichoma upande mmoja tu. Habari ya kushuka ilikuwa imeshaenea. Watu wa Wiedenrode walisimama kwenye kona yao wamekunja mikono, wanatazamana, kama watu walioitwa kwenye harusi ya nyumba waliyofukuzwa. Ferhat alikuwa kati yao, na plasta mpya.

"Mzee, kweli unawachezeshea?" aliuliza Ferhat, Detlef alipopita. "Baada ya waliyotufanyia? Mimi hata nyasi zao nisingekanyaga."

"Nyasi ni zetu," alisema Detlef.

Alikuwa amevaa ile sare nyeusi ya zamani, inayombana tumbo. Aliwaongoza wachezaji uwanjani, kama ilivyo desturi. Manahodha wakaja katikati, wakapeana mikono. Detlef akatoa sarafu, akaitazama, akairudisha. Akaweka mpira kwenye nukta nyeupe aliyoichora yeye jana kwa brashi. Akavua filimbi shingoni, akailaza juu ya nyasi kando ya mpira, kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Kisha akaondoka.

Hakwenda mbio. Alivuka uwanja kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye uzio, pale Heiko Kessemeier aliposimama na wakubwa wawili wa chama, wote wana soseji mkononi. Ngoma zilinyamaza, kwanza moja, halafu zote.

"Detlef, kuna nini?" alisema Kessemeier. "Mpira ule una tatizo?"

"Mpira ni mzima."

"Basi anza. Watu wanasubiri."

"Na mimi nasubiri. Tangu Januari, kumbe, ila sikujua." Alitoa ile fomu, akaikunjua mara nne, akailaza juu ya uzio na kuinyoosha kwa mkono wake, ule uliokatwa ncha ya kidole na msumeno. "Soma hapa."

"Tutaongea baadaye. Si hapa."

"Soma, Heiko. Kwa sauti."

Mmoja wa wakubwa, mwenye tai ya chama, aliinama akasoma, labda akidhani ni jambo dogo la kumaliza upesi. "Sahihi ya katibu anayeondoka," alisema. Akaangalia wenzake. "Kweli, haipo. Sasa shida ni nini? Si asaini tu?"

Kessemeier alifumba macho.

Nyuma ya vichwa vyao, juu ya miti ya mipaka, ulionekana mnara wa kanisa, na chini ya mnara ukuta wa makaburi. Kutoka kwenye goli la upande ule ni hatua mia tatu. Detlef amezihesabu mara nyingi. Alimtazama yule mwenye tai, uso safi wa mtu aliyelala vizuri, akaona kwamba hajui chochote wala haigizi, na hilo likamshtua kuliko yote ya siku ile.

Akachomoa kutoka mfukoni ile penseli fupi ya kuandikia kadi, akaiweka juu ya fomu.

"Vijana ishirini na wawili wamevaa tayari," alisema Detlef. "Refa yupo. Mimi nataka mtu mmoja kati yenu aniambie: hii penseli, nimpelekee wapi?"